Nyama Inaua, Bila Nyama Hakuna Msuli: Tuwaamini Akina Nani?

Kuna kambi mbili. Ya kwanza utaikuta jimu, ikitikisa chupa ya maji yaliyochanganywa na unga mweupe, na kwayo kila kijana mwembamba ana upungufu wa protini. Ya pili utaikuta msibani, pale watu wanapoulizana marehemu alikuwa anaumwa nini. Huko ndiko inakosemwa kwamba nyama na mayai ndivyo vinavyotumaliza, na kwamba mazoezi baada ya miaka hamsini ni kukitafuta kifo kwa miguu yako mwenyewe. Siku hizi kambi zote mbili zina neno moja la kufunga mjadala: "utafiti umeonyesha."

Basi tuuangalie huo utafiti, dai moja baada ya jingine. Nitangulize ninachokiona: karibu madai yote yanateleza mahali pamoja. Yanazungumza habari za chakula bila kuuliza mwili unapewa kazi gani, tena kijana wa miaka 25 na bibi wa miaka 80 wanapewa jibu lilelile.

"Bila nyama na unga wa kopo, mazoezi ni bure"

Dai hili ni la zamani kuliko jimu zote za Dar es Salaam na Nairobi. Katika karne ya 19 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba msuli ukifanya kazi hujila wenyewe, kwa hiyo mwenye kazi ngumu hana budi kula nyama nyingi kufidia. Watu waliamini, maana Liebig alikuwa mtu mkubwa. Agosti 1865 wasomi wawili wa Zurich, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, wakaamua kulipima jambo lenyewe kwa miili yao. Tangu siku iliyotangulia hawakugusa protini. Walikula wanga, mafuta na sukari tu. Kisha wakapanda mlima Faulhorn huko Uswisi, karibu mita 2,000 kutoka ziwani hadi kileleni, na njia nzima wakawa wanahifadhi mkojo wao, kwa sababu protini ikichomwa mwilini naitrojeni yake hutokea huko. Hesabu ilipopigwa, protini waliyoichoma isingeweza kuwafikisha juu. Walipandishwa na wanga na mafuta.

Ushahidi wa karibu na kwetu upo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Vincent Onywera juu ya wakimbiaji kumi wa Kenya wa ngazi ya juu, waliokuwa kambini nje kidogo ya Eldoret. Kila walichokula kilipimwa. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, ugali ukiwa mbele, pamoja na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Protini ilikuwa asilimia 10 tu ya chakula chao, gramu 75 hivi kwa siku, yaani gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzito wa mtu.

Hapo mtu wa jimu atasema: hao wanakimbia, mimi natafuta mwili. Hoja yake ni halali. Anayenyanyua vyuma anahitaji protini zaidi kuliko anayeshinda amekaa. Shirika la Afya Duniani linataja gramu 0.83 kwa kilo kama kiwango salama kwa mtu mzima. Kwa mnyanyua vyuma, uchambuzi uliochapishwa 2018 na Robert Morton na wenzake, uliokusanya majaribio 49, uliona kwamba faida ya kuongeza protini huishia kwenye gramu 1.6 hivi kwa kilo. Ukipita hapo unalipia mkojo. Tena faida yenyewe si ya kutangaziwa kwa picha za "kabla na baada": kwa wastani, waliokunywa nyongeza ya protini waliwazidi wenzao wasiokunywa kwa gramu 300 za mwili usio na mafuta. Sehemu kubwa ya msuli ilitokana na vyuma, na vyuma walivibeba wote.

Tuchukue kijana wa kilo 60. Kiwango chake cha chini ni gramu 50 kwa siku, na akipiga chuma kwa bidii dari yake ni 96. Ugali wa unga gramu 300 una kama gramu 20. Sahani ya maharage, 20. Mayai mawili, 12. Glasi ya maziwa, 8. Kipande cha samaki cha gramu 100, kama 22. Karanga za kutafuna gramu 50, 12. Jumla ni 94, na hatujagusa kopo. Simpingi anayeununua unga huo kwa kukosa muda wa kupika, ila ajue kijiko kimoja cha kipimo kina gramu 20 hadi 25, ambazo ni kipande hichohicho cha samaki. Akiwa karibu na soko la dagaa, hata kukosa muda si kisingizio: dagaa waliokauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini.

"Maharage si protini, ni ya kujaza tumbo"

Kauli hii ina mbegu ya ukweli ndani yake. Protini hujengwa kwa asidi amino, na tisa kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza. Mahindi yana uhaba wa mojawapo, laisini. Maharage yana laisini tele, lakini yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Wapare, Wasambaa na jirani zao wanaopika makande hawakusubiri maabara iwaambie.

Ikatokea sasa hofu ya upande wa pili, kwamba usipochanganya nafaka na kunde katika mlo uleule umepoteza kila kitu. Hofu hiyo ilienezwa sana na kitabu cha Frances Moore Lappé cha mwaka 1971, na mwenyewe aliirekebisha katika toleo la 1981. Mwili una akiba yake ya kuazima na kulipa. Mchana ukila ugali na mchicha, usiku maharage, hesabu inakaa sawa. Protini ya mimea huyeyushwa kwa ufanisi mdogo kuliko ya yai, kwa hiyo asiyekula nyama aongeze pakuo kidogo. Tofauti ni hiyo tu. Mwenye shida ya kweli ni mtoto anayelishwa uji mtupu wa mahindi au muhogo, na yeye ana upungufu wa mengi zaidi ya protini.

"Protini inaua kama sigara"

Kauli hii ilianza Machi 2014, na inastahili kufuatwa taratibu kwa sababu imetoka kwenye utafiti wa kweli, uliofanywa na watu makini. Morgan Levine, Valter Longo na wenzao walichukua kumbukumbu za Wamarekani 6,381 wenye miaka 50 na kuendelea, wakaangalia nani alikufa katika miaka 18 iliyofuata. Wenye umri wa miaka 50 hadi 65 waliokula protini nyingi, asilimia 20 au zaidi ya kalori zao, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 75, na hatari ya kufa kwa saratani mara nne. Magazeti ya dunia yakadaka mfano wa sigara, na tangu hapo haujashuka.

Sasa soma yaliyobaki kwenye karatasi ileile. Waliovuka miaka 65 walikuwa kinyume kabisa: waliokula protini nyingi walikufa kwa uchache zaidi, asilimia 28 pungufu, na vifo vya saratani vilipungua kwa asilimia 60. Makundi yote mawili yalipowekwa pamoja, uhusiano wa protini na vifo kwa ujumla ukatoweka. Na hata kwa wale wa chini ya miaka 65, madhara yalififia au kuondoka kabisa protini ilipokuwa ya mimea. Hakuna sigara duniani inayoua ukiwa na miaka 60 na kukulinda ukifika 66.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa vichwa vya habari hakuambiwa. Ulaji ulipimwa kwa kumuuliza mtu alikula nini katika saa 24 zilizopita. Jibu la siku moja likabebeshwa mzigo wa miaka 18. Hebu mtu aje akuulize Jumatatu ulikula nini Jumapili ya harusi ya mpwa wako, kisha akuandike kuwa wewe ni mla pilau na nyama hadi kaburini. Isitoshe, kundi la kula protini kidogo, ambalo wengine wote walilinganishwa nalo, lilikuwa asilimia 7 tu ya washiriki. Ukiligawa tena kwa umri, unabaki na watu wachache wa kuhimili kauli nzito kiasi hicho.

Haimaanishi utafiti ule ni takataka. Longo na wengine wana sababu ya kibiolojia ya kuwa na mashaka: protini nyingi, hasa ya wanyama, huongeza homoni iitwayo IGF-1 inayosukuma seli zikue, na kukua kwa seli kukipita kiasi ni jirani wa saratani. Panya waliopunguziwa protini wameishi zaidi. Watu huongezea hapo wazee wa Okinawa, Japani, maarufu kwa maisha marefu, ambao mwaka 1949 chakula chao kilikuwa viazi vitamu kwa zaidi ya nusu na protini asilimia 9 tu. Yote hayo ni kweli. Lakini Waokinawa wa 1949 walikuwa pia wakulima waliotoka vitani juzi, waliolima kwa mkono na kula kidogo cha kila kitu. Ukiwanyang'anya jembe ukawaachia viazi peke yake, umebakiza nusu ya habari.

Kama unatafuta chakula chenye protini kinachostahili kuogopwa, kipo: soseji, na nyama nyingine zilizosindikwa kwa chumvi na moshi. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, na kukadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Kosa hilo ni la nyama ya namna moja. Kunde za bibi hazikushtakiwa.

"Protini inaharibu figo"

Kwa aliye na ugonjwa wa figo, ni kweli anatakiwa kupunguza, na daktari wake atampa kipimo. Kwa mwenye figo nzima, uchambuzi wa 2018 uliolinganisha walaji wa protini nyingi na walaji wa kiasi haukuona kwamba figo zinadhoofika. Figo kwetu zinaharibiwa na shinikizo la damu na kisukari ambavyo mwenyewe hajui kama anavyo, na hapo ndipo tahadhari ya kweli ilipo: kabla ya kuanza kubugia protini, pima presha, sukari na figo. Dai tumemalizana nalo.

"Mazoezi hayanipunguzi uzito, basi hayana maana"

Nusu ya kwanza inaweza kuwa kweli kabisa, na ushahidi bora umetoka Tanzania. Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu inayotumiwa na Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Kila mtu alitegemea wangekuwa wanachoma kalori nyingi kupindukia. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yakasema hapana: ukishazingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe hutumia kwa siku nguvu sawa na Mmarekani anayeshinda ofisini. Mwili hubana matumizi upande mmoja ili ulipie upande mwingine. Ndiyo maana unaweza kukimbia kwenye ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, kila asubuhi na kitambi kikabaki palepale, hasa ukipita kwenye chipsi mayai wakati wa kurudi.

Nusu ya pili, kwamba basi hayana maana, ndiyo inayoanguka. Wahadzabe haohao walipofungwa vipima mapigo ya moyo, ilionekana wana dakika kama 135 kwa siku za kazi inayoupandisha moyo, na dalili za magonjwa ya moyo kwao zilikuwa chache mno, hata kwa wenye umri. Kitambi na moyo havifuatani pamoja kama tunavyodhani.

Jeremy Morris aliligundua hili mapema kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa siku nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ni watu wa tabaka moja, mji mmoja, mwajiri mmoja. Matokeo yake ya 1953 yalionyesha makondakta wanapata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Wabishi wakasema labda wanene ndio huchagua udereva. Morris hakubishana nao kwa maneno: alikwenda kwenye daftari za sare akasoma vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana, hata tangu walipoajiriwa. Lakini baadaye alipowapanga kwa maumbo yao, wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, kondakta bado alikuwa salama zaidi. Morris mwenyewe alifariki 2009 akiwa na miaka 99.

(Kondakta wetu wa daladala hana ngazi ya kupanda, ila ukimwona anavyoning'inia mlangoni kutoka Mbagala hadi Kariakoo unaelewa Morris alikuwa anazungumzia nini.)

"Mzee apumzike, kazi kashafanya ya kutosha"

Hili ndilo dai ninalolichukia, kwa sababu linasemwa kwa upendo. Bibi akitaka kuteka maji anaambiwa kaa. Babu akishika fagio ananyang'anywa. Analetewa maji ya kunawa alipo na chakula alipo, na baada ya miezi michache tunashangaa hawezi kuinuka.

Mwaka 1966 huko Dallas vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulipimwa kabla na baada. Miaka thelathini baadaye wote watano walitafutwa wakapimwa tena. Zile wiki tatu za kulala zilikuwa zimeushusha uwezo huo kuliko miaka thelathini ya kuzeeka. Wakapewa miezi sita ya mazoezi ya taratibu, na kile ambacho umri ulichukua wakakirudisha.

Hao walikuwa na miaka 50 tu. Kwa mzee kasi inatisha. Katika utafiti wa 2007, watu wazima wenye afya, wastani wa miaka 67, walilazwa siku kumi. Walilishwa vizuri, protini ya kiwango kinachopendekezwa. Siku ya kumi kila mmoja, kwa wastani, alikuwa amepoteza karibu kilo nzima ya msuli wa miguu. Chakula kilikuwepo, kazi haikuwepo. Ukijua hili utaelewa kwa nini mgonjwa wa miaka 75 anayetoka wodini baada ya malaria kali hutoka akiwa mtu mwingine, ingawa malaria imepona.

Kisha Boston, 1994. Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi 100 wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa miaka 87, wengi wao dhaifu. Waliwagawa: wengine mazoezi ya nguvu ya miguu, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine hakuna. Uzito wa mazoezi haukuwa wa kubembeleza. Baada ya wiki kumi waliofanya mazoezi waliongezeka nguvu kwa asilimia 113, wakatembea haraka zaidi na kupanda ngazi kwa nguvu zaidi. Waliopewa kinywaji peke yake hawakupata chochote cha maana. Lishe bila kazi ilipita tu, hata kwa watu wa miaka 87.

Hii haina maana kwamba mzee asile. Wataalamu wa lishe ya uzee tangu 2013 wanashauri gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, zaidi ya kijana, kwa sababu msuli wa mzee unakuwa mzito wa kuitikia: chakula kilekile unakitumia kwa uvivu. Na meza zetu zinafanya kinyume chake. Meno yamekwisha, basi mzee anapewa uji, chai na mkate, ugali na mchuzi. Finyango zinaenda kwa wenye meno. Mayai ya kuvuruga, samaki aliyechambuliwa miiba, maziwa mgando, dagaa waliosagwa kwenye mchuzi, maharage yaliyopondwa: hivyo vyote havihitaji meno.

Kipimo cha nguvu yake hakihitaji hospitali. Mwache ainuke kwenye kiti bila kushika kitu, mikono kifuani, mara tano mfululizo. Au sikiliza anavyozungumzia choo cha kuchuchumaa. Siku anapoanza kutafuta ukuta wa kushika, paja limeshaanza kuondoka, na ndiyo siku ya kuanza kumwinua na kumkalisha kwenye kiti hichohicho, mara chache asubuhi na jioni, akishika meza mwanzoni. Kama viungo vinamruhusu kusujudu na kusimama, basi msimletee kiti msikitini kabla hajakiomba.

"Ukizidisha utakufa, na usipofika hatua 10,000 ni bure"

Madai mawili yanayopingana, na mara nyingi yanatoka kwa mtu yuleyule. La kwanza lilipata nguvu 2015, habari zilipotoka Copenhagen kwamba wakimbiaji wakali hufa sawa na wasiokimbia kabisa. Katika kundi la wakimbiaji hao wakali, vifo vyote vilivyohesabiwa vilikuwa viwili. Kwa upande mwingine, madaktari wa Cleveland walipowafuatilia watu zaidi ya 122,000 waliopimwa kwenye mashine ya kukimbilia, matokeo yao ya 2018 hayakuona mahali ambapo stamina inaanza kudhuru. Wenye stamina kubwa kabisa ndio waliokufa kwa uchache kabisa. Ni kweli wapo wanaoanguka uwanjani, na mwenye maumivu ya kifua aonwe na daktari kwanza. Ila kati ya madaktari wanaume wa Marekani waliofuatiliwa, kifo cha ghafla kilitokea mara moja katika kila mazoezi makali milioni 1.5.

Hatua 10,000 nazo zilianzia Japani mwaka 1965, kwa kampuni iliyokuwa ikiuza kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina la namba hiyo. I-Min Lee wa Harvard alipowafungia vifaa wanawake karibu 17,000 wenye wastani wa miaka 72, aliona katika matokeo ya 2019 kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa asilimia 41 pungufu kuliko waliotembea 2,700, na kwamba baada ya 7,500 faida haikuongezeka tena. Bila shaka baadhi ya waliotembea kidogo walikuwa tayari wagonjwa, hata kama watafiti walijitahidi kuwachuja. Lakini pengo kati ya makundi hayo mawili ni hatua 1,700, kilomita moja na kitu. Bibi akitaka kwenda gengeni mwenyewe kununua nyanya, mpeni kikapu.